Mto husomwa kwenye kingo na sakafu yake, si kwenye rangi ya maji

Mhariri,

Ukurasa wenu wa mazingira wiki iliyopita ulitangaza kwamba kijito fulani kimepona. Hoja zilikuwa mbili: maji yake siku hizi ni maangavu hadi mtu anaona chini, na mamlaka inayohusika imeahidi kuleta katapila lizoe mchanga uliobaki ili kazi iishe. Habari hiyo ilisindikizwa na picha tatu, zote zimepigwa kutoka juu ya daraja. Mimi ni mpima maji mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kupima kina na mwendo wa maji, na kuchota sampuli za mashapo, yaani tope, mchanga na changarawe ambavyo mto huvibeba na kuviangusha njiani. Naomba nafasi, kwa sababu hoja ya kwanza haithibitishi chochote, na ya pili inaweza kuvuruga hata kile kilichoanza kutengemaa.

Tuanze na uangavu. Katika vituo tulivyovihudumia, chupa za sampuli zilichotwa kwa ratiba ya ofisi. Kiangazi, maji yakishachujwa maabara na karatasi ya kuchujia ikakaushwa, ilirudi kwenye mizani ikiwa na uzani karibu uleule iliyoanza nao. Wakati wa mafuriko chupa moja tu iliweza kuziba karatasi. Lakini mafuriko hayasomi ratiba. Huja usiku, huja Jumapili, huja barabara ikiwa haipitiki. Daftari zetu zikajaa chupa za siku tulivu, na mgeni aliyezipitia angeapa kwamba mto ule haubebi kitu. Kumbe kijito kidogo hupitisha sehemu kubwa ya mashapo yake ya mwaka mzima katika siku chache za maji makubwa. Ukikitembelea siku nyingine yoyote, unakikuta kimeshanawa mikono.

Kuna hata mito ambayo uangavu wake ndio uliokuwa dalili ya madhara. Colorado, huko Marekani, ulijulikana kwa maji mazito ya tope jekundu. Bwawa la Glen Canyon lilipoanza kukusanya maji mwaka 1963, mchanga na tope vilibaki nyuma ya ukuta, na maji yaliyotoka upande wa chini yakawa baridi na maangavu. Maji hayo yaliyotuliwa mzigo yakaanza kula mafungu ya mchanga yaliyokuwa kandokando ya mto ndani ya korongo kubwa la Grand Canyon, wala hapakuwa na mchanga wa kutosha kutoka juu wa kuyajenga upya. Mwaka 1996 ilibidi wasimamizi wa bwawa wafungulie maji mengi kwa makusudi, ili yainue mchanga uliolala chini na kuupandisha kwenye kingo. Mpiga picha akisimama hapo angesifu usafi wa maji.

Sisemi rangi haina maana. Ina maana ikiulizwa swali la muda: mvua ikikatika, kijito kinachukua muda gani kusafika? Kile chenye kingo imara na ardhi iliyofunikwa kwa mimea huchafuka mvua ikinyesha, kisha hutakata upesi. Kinachobaki na tope siku baada ya siku huku mbingu ni nyeupe kina mahali panapoendelea kumwaga udongo, na mahali hapo huweza kupatikana kwa kufuata tope kwenda juu, kwenye kila makutano, hadi uone ni tawi lipi linaloleta. (Maji ya kahawia iliyokoza yatokayo kwenye vinamasi vyenye majani yaliyooza ni habari nyingine kabisa. Yatie kwenye chupa ya kioo utaona upande wa pili. Hilo si tope.)

Kuhusu daraja nitasema kwa ufupi. Daraja hubana mto. Mafuriko yakifika hapo hupunguza mwendo upande wa juu na kuangusha mchanga, kisha hutoka upande wa chini kwa nguvu na kuchimba shimo. Kalvati iliyo nyembamba kuliko mto hufanya hivyohivyo kwa ukali zaidi. Ukipiga picha ukitazama juu utaona fungu la mchanga. Ukigeuka utaona kilindi kizuri. Na picha zote mbili zinaeleza tabia ya daraja. Mwongozo wa tathmini ya haraka wa shirika la mazingira la Marekani, EPA, toleo la 1999, humtaka mpimaji aende angalau meta 100 juu ya daraja au barabara. Mpiga picha wenu akienda tena, naomba afike huko, ashuke majini kama kina kinaruhusu, apige akitazama juu na akitazama chini, aweke rula au fimbo yenye alama ndani ya picha, na arudi palepale baada ya mafuriko. Ukingo uliochimbwa kwa chini huonekana mzima kabisa kwa aliyesimama juu yake. Na akiandika kulia au kushoto, ajue kwamba kwetu ukingo wa kulia ni ule ulio kuliani mwako ukitazama maji yanakokwenda. Nimewahi kusuluhisha ripoti mbili zilizobishana vikali juu ya ukingo uleule, kwa sababu tu waandishi wake walitazama pande tofauti.

Sasa kingo zenyewe. Watu wengi wenye nia njema hudhani kila mmomonyoko ni ugonjwa, na makala yenu ilielekea huko. Mto unaopinda hula ukingo wa nje wa kona, ambako maji yana kasi, na huangusha mchanga upande wa ndani. Unakula hapa, unalipa pale. Kama ulaji ni wa taratibu na upana wa mto unabaki uleule, hiyo ni kazi yake ya kawaida, na anayeimwagia zege kona hiyo anauhamishia jirani tatizo ambalo halikuwepo. Ninachokitafuta mimi ni mmomonyoko usio na haki ya kuwa pale ulipo: kwenye sehemu iliyonyooka, na kwenye kingo zote mbili kwa pamoja. Kingo zote mbili zikibomoka, mto unapanuka, na mara nyingi chanzo hakiko hapo ulipo. Ama maji yameongezeka kwa sababu mapaa na lami ya juu haviruhusu mvua kuzama ardhini, ama sakafu imeshuka na kuziacha kingo ndefu kuliko zinavyoweza kujitegemeza.

Baada ya hapo natazama mizizi, kwa sababu mizizi hutoa tarehe. Mizizi iliyo wazi haitoshi kusema lolote; hata mti wa zamani uliokwisha kuzoea hewa huwa nayo. Ile minene, yenye gome gumu upande unaotazama maji, ilifunuliwa zamani. Lakini ukikuta nyuzinyuzi laini bado zinaning'inia, zingine zikiwa na udongo, basi udongo ule umeondoka juzijuzi, maana nyuzi hizo hukauka na kukatika haraka. Shina nalo linasema. Mti ulioanza kuinama ukiwa bado mdogo hujirekebisha, shina likapinda kuelekea juu. Mti ulionyooka vizuri lakini umelalia mto wote kwa pamoja umeinamishwa hivi karibuni. Na mabonge ya nyasi yaliyoketi majini yakiwa bado mabichi hayahitaji mtaalamu.

Panda juu ya ukingo, lakini usikaribie mwisho wake kabla hujatazama chini. Nyufa zinazokwenda sambamba na mto, hatua moja au mbili kutoka ukingoni, maana yake kipande hicho kimeshaamua kuondoka. Wakazi hushangaa kwamba ukingo huanguka mafuriko yakiwa yameshapita. Hilo halina ajabu. Maji yakiwa juu huuegemea ukingo na kuushikilia; yakishuka ghafla, udongo hubaki umelowa, mzito, bila kitu cha kuuzuia. Ndiyo sababu anayekwenda kukagua siku ya kilele cha mafuriko huona maji tu, na anayekwenda siku mbili tatu baadaye huona hasara.

Kagua kwa macho matabaka ya ukingo pia. Mara nyingi juu kuna udongo wa mfinyanzi na chini yake mchanga au changarawe. Mtafiti Filip Hjulström wa Uswidi alionyesha mwaka 1935 jambo ambalo wengi hulifikiria kinyume: punje ndogo kabisa sizo rahisi kung'olewa. Mfinyanzi hushikamana, kwa hiyo huhitaji maji ya kasi ili ung'oke, ingawa ukishang'oka hubebwa mbali hata na maji ya polepole. Mchanga ndio huondoka kwanza. Basi maji hula tabaka la chini, mfinyanzi wa juu unabaki umetokeza bila kitegemeo, halafu unadondoka mabonge kwa mabonge. Ukitaka kujua kasi ya ulaji, piga nondo kwenye ukingo kwa ulalo, acha kipande unachojua urefu wake kitokeze, kisha rudi na rula. Mwaka ukizunguka utakuwa na namba, na namba ndiyo iliyokosekana katika makala nzima.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kutazama kitu kimoja tu, ningeziacha kingo na kutazama sakafu.

Kijito chenye mawe hubadilishana vilindi na sehemu za maji haba yanayopita juu ya mawe kwa kelele. Nenda kwenye hizo za kelele, ng'oa jiwe. Likitoka kirahisi na chini yake kuna nafasi, nafasi hizo ndizo nyumba. Humo hukaa wadudu wadogo bapa wenye mikia mitatu au miwili, na wale wanaojijengea vijumba kwa punje za mchanga. Humo samaki wanaotaga kwenye changarawe huacha mayai, na maji yanayopita kati ya mawe huyaletea oksijeni. Jiwe likiwa limeshikwa na tope hadi kiunoni, nyumba zimefungwa. Wapimaji hukadiria ni sehemu gani ya jiwe imezama: chini ya robo, hali ni nzuri, zaidi ya robo tatu, hali ni mbaya. Ukikanyaga tope likatoa harufu ya yai viza, jua hewa ilishaisha humo kitambo. Unaweza kuwa umesimama kwenye maji maangavu kabisa huku haya yote yakiwa chini ya buti zako.

Kwenye kilindi chukua fimbo yenye alama. Ishushe taratibu hadi iguse kitu, soma. Isukume sasa hadi igome, soma tena. Tofauti ni unene wa tope lililoingia. Rudia kwa kukivuka kilindi chote, na utajua ni kiasi gani cha kina kimeliwa. Kilindi ndicho akiba ya samaki wakati wa ukame; kijito kilichojaa mchanga kikawa na kina kimoja cha vifundoni kutoka juu hadi chini kimefilisika, hata kama kinang'aa juani.

Mafungu nayo yasomwe, si kuhesabiwa tu. Fungu lililo upande wa ndani wa kona, lenye nyasi na vichaka vya umri mbalimbali, ni la kawaida. Fungu jipya katikati ya mto, halina jani, linaugawa mkondo mara mbili na kuuelekeza kila upande kwenye kingo, hilo ni taarifa kwamba mto umepewa mzigo kuliko uwezo wake. Tazama na mawe yenyewe. Yaliyo na weusi na kuvumwani hayajasogea kwa muda mrefu. Yaliyo meupe, safi, yanayoyumba ukiyakanyaga, yaliviringishwa na mafuriko ya mwisho.

Kwa anayetaka kipimo kisicho cha macho tu, kuna njia ambayo mtafiti wa mito Gordon Wolman aliichapisha mwaka 1954 na bado naipenda kuliko mashine. Unavuka mto hatua kwa hatua. Kila hatua unainama bila kutazama, unaokota kile ambacho kidole kimegusa kwanza karibu na ncha ya buti, unapima upana wake wa kati, si urefu wala unene, unaandika. Mawe 100. Kilicho chini ya milimita 2 ni mchanga au kitu laini zaidi. Kati ya 2 na 64 ni changarawe. Kisha hadi 256 ni mawe. Zaidi ya hapo majabali. Shida ya njia hii ni binadamu. Kila kijana niliyemfundisha alitaka kuchagua jiwe zuri, na kila mmoja aliona aibu kuandika "tope". Ukirudia mwaka unaofuata mahali palepale na sehemu ya punje laini imepanda, una ushahidi ambao hakuna msemaji atakayeukanusha kwa picha.

EPA hugeuza haya kuwa alama. Uimara wa kila ukingo una alama 10, utuaji wa mashapo una 20. Ukingo ambao chini ya asilimia 5 yake imeharibika unapata alama za juu. Ukipita asilimia 60, za chini kabisa. Kwenye vijito vya mteremko mkali, sakafu iliyofunikwa na mashapo mapya zaidi ya nusu yake huhesabiwa mbovu. Kwenye vijito vya tambarare, ambako mchanga ni kawaida, kikomo ni asilimia 80. Mimi huwa sizipendi jumla. Kijito chenye kingo mbovu na sakafu safi kinaweza kupata alama sawa na chenye kingo nzuri na sakafu iliyozikwa, na hayo ni matatizo mawili yenye tiba tofauti. Someni kila mstari.

Nimefika kwenye katapila. Mwaka 1955 mhandisi Emory Lane alichora mizani. Upande mmoja aliweka wingi wa mashapo na ukubwa wa punje zake, upande wa pili wingi wa maji na mteremko wa mto. Ukigusa kimojawapo, mto hujisawazisha wenyewe, ama kwa kuchimba ama kwa kufukia. Sasa mamlaka inataka kuchimba mchanga katika kipande kimoja na, kama makala ilivyosema, "kuunyoosha kidogo" mto hapo penye kona. Kuunyoosha ni kufupisha njia, na kufupisha njia ni kuongeza mteremko. Maji yatapata nguvu ya ziada na yataitumia kuchimba sakafu. Hapo panapoanzia kuchimbwa patatokea kijiporomoko kifupi, pengine cha kufika goti, na kila mafuriko kitapanda kuelekea juu, kikiacha nyuma yake kingo ndefu zisizo na kitegemeo. Zitaanguka. Udongo wake utashuka na kutua wapi? Palepale katapila lilipochimba.

Hili si la kubuni. Mto Blackwater katika jimbo la Missouri ulinyooshwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili kupunguza mafuriko. Sakafu yake ilizama, mto ukapanuka mara kadhaa ya upana wa mfereji uliochimbwa, na madaraja yakalazimika kurefushwa au kujengwa upya. Mtafiti wa mito Stanley Schumm na wenzake walieleza mwaka 1984 hatua ambazo mito ya namna hiyo hupitia: kuzama, kupanuka, kufukika, kisha kupata usawa mpya katika ngazi ya chini. Anayekuja na katapila wakati mto uko kwenye hatua ya kufukika anaurudisha mwanzo wa safari.

Wala msiharakishe kuwalaumu wanaolima huko juu, kama makala ilivyofanya kwa sentensi moja. Huenda wanahusika. Lakini mashapo husafiri polepole na huweza kuwa ya watu waliokwisha kufa. Wachimbaji dhahabu wa California walibomoa vilima kwa mipira ya maji yenye nguvu hadi mahakama ilipowazuia mwaka 1884. Ripoti ya mwanajiolojia Grove Karl Gilbert ya 1917 ilionyesha kwamba kifusi chao kilikuwa bado kinashuka mitoni, miongo mitatu baadaye. Ni nyuzi za mizizi, nyufa na mabonge mabichi yatakayoonyesha kama mchanga wenu ni wa sasa au wa zamani, na mtu hawezi kuyaona bila kutembea.

Kwa hiyo, kupitia kwenu, naiuliza mamlaka mambo matatu. Mchanga huu unatoka ukingo gani au tawi gani, na nani amelitembea hadi juu? Sakafu ya kipande hicho imepanda au imeshuka, ikilinganishwa na nguzo za daraja au alama yoyote ya kudumu? Na mafuriko ya kwanza yakishapita baada ya kuchimba, nani atapima, kwa kipimo kipi, na atalinganisha na namba zipi zilizochukuliwa kabla? Majibu hayo nayaomba yachapishwe kabla ya mashine kushushwa kwenye lori.

Mpima maji mstaafu
(Jina na anwani anavyo mhariri)